Bastola ndogo na gunia la Mwaitu Kalekye

Leo nimemtisha mama wa watu hapa Kambu na sijui nitamwangalia vipi tena.

Mnajua hili joto letu. Nilipopata leseni ya bastola baada ya duka langu kuvunjwa, nilichagua ile ndogo kabisa, ndio nivae shati nyepesi bila koti na mtu asijue ninayo. Muuzaji akaniambia, "Hii ikikaa kiunoni, hata bibi yako hataiona."

Nikajiona mjanja sana.

Sasa leo mchana Mwaitu Kalekye, mama mzee tunayesali naye kanisa moja, amekuja dukani na gunia la ndengu. Nikainama nimsaidie kulibeba.

Shati ikapanda.

Kugeuka hivi, mama amerudi nyuma mpaka ukutani, mikono juu. Mikono juu, jamani! Kwa sababu yangu mimi!

"Mwaitu, ni mimi. Niko na leseni."

"Najua ni wewe," akasema polepole. "Na kanisani huwa unakuja nayo?"

Nikavuta shati chini. Kila Jumapili huwa ninayo kiunoni, na benchi ninayokaa ni ile ya nyuma yake, yeye na wajukuu wake.

Akaelewa bila kujibiwa. Akatoka nje, akaita mtu mwingine ambebee gunia.

Nyinyi mngemwambia nini? Na tafadhali, leo msinichekee.