Tulijichapishia kitabu cha baba ili akione kabla hajapofuka. Haya ndiyo yaliyotukuta

Wakuu, hamjambo humu ndani. Wa kupewa shikamoo, shikamooni.

Kuna uzi hapo juu watu wanakaribia kutoana macho: kitabu upeleke kwa mchapishaji au ufanye self-publishing? Nimesoma comments zote nikanyamaza, mwisho nimeshindwa. Wengi mnapiga hesabu ya kuchapa tu, kama vile kitabu kikitoka mashineni kinatembea chenyewe mpaka kwa msomaji.

Ngoja niwasimulie yetu. Sitaongeza chumvi, yenyewe imekolea tayari.

Mimi ni mama wa karoti na hoho. Nakusanya Lushoto, nashusha Dar. Mambo ya vitabu sikuwa nayajua kabisa.

Mwenye kitabu ni baba yangu, mwalimu mstaafu, yuko nyumbani upande wa Vuga. Tangu nikiwa mdogo huyu mzee alikuwa na kazi moja: kuzunguka kwa wazee na kuwauliza. Mfereji huu aliuchimba nani? Mlima ule uliitwaje zamani? Ile njaa kubwa watu walikula nini? Akirudi anaandika.

Sura ya mwisho ni ya mama yake, yaani bibi yangu. Kipindi cha njaa alishuka mlima na watoto, mmoja mgongoni, kwenda kutafuta mihogo huko chini kwenye joto. Mgongoni alikuwa baba yangu. Bibi hana picha hata moja. Kaburi lake lenyewe tunalijua kwa kukisia.

Mzee alikuwa anasema jina la mama yake likishakaa kwenye kitabu, yeye kamaliza.

Basi ikaja presha ya macho. Jicho moja likazima. La pili daktari akatuambia wazi, dawa itachelewesha tu, na kinachoondoka hakirudi. Mzee hakulia wala nini. Akaniambia, "Mwanangu, nataka nilisome jina la mama kwenye kitabu, kwa jicho langu hili. Mengine nitamwachia Mungu."

Hilo tu ndilo alilotaka.

Nikapeleka mswada kwa mchapishaji mmoja Dar, jina naliacha. Mhariri alinipokea vizuri sana. Akasema kazi ni nzuri na hatutalipa hata senti. Wao watahariri, watachapa, watatunza, watasambaza, na mzee atapata mrabaha, yaani asilimia kidogo ya kila nakala itakayouzwa. Ila kuna foleni. Mwaka huu hapana, mwakani labda.

Labda! Jicho la mzee linaijua labda?

Na niseme ukweli, ile asilimia nayo ilinikera. Sisi watu wa karoti tunamjua dalali, yule anayekuja mpaka shambani kununua kwa bei ya kutupa. Nikaona huyu naye ni dalali tu, tofauti ana kiyoyozi. Karoti zangu nazipeleka sokoni mwenyewe, kitabu kitanishinda nini?

Tukakaa nyumbani, mimi, mama na kaka yangu mkubwa. Kaka akasema tusubiri. Nikamwambia subiri wewe, mzee hana muda wa kusubiri. Mama akawa upande wangu. Tukauza mikaratusi yote ya kule ukingoni mwa shamba, ile tuliyokuwa tumeiweka kwa ajili ya shida.

Mnaotaka kujichapishia, sikilizeni. Unamlipa mhariri. Unamlipa anayepanga kurasa. Unamlipa wa jalada. Mzee alitaka jalada la kijani, kijani cha mgomba mchanga, alisisitiza sana. Nilipotaka kumwonyesha kwenye simu akakataa, mwanga wa simu ulikuwa unamuumiza. Akasema atakiona kikija.

Mwenye mtambo wa kuchapa akaniuliza, kurasa tushone au tubandike kwa gundi? Kushona bei iko juu. Nikasema gundi. Kwani vitabu vyote si vya gundi? Akaniambia pia ukichapa vingi kila kimoja kinashuka bei, nikachapa mia tano. Wakuu, mia tano! Kwa kijiji ambacho kila mtu ni shemeji yako na anategemea cha bure.

Vikapanda basi mpaka Mombo, vikapanda mlima, vikamalizia kwa bodaboda. Siku maboksi yanaingia nyumbani jicho la mzee lilikuwa bado linaona. Akikaa mlangoni kwenye mwanga, maandishi makubwa anayapata.

Nikachukua kisu nifungue boksi. Mzee akasema, "Acha."

Nikadhani ananitania. "Baba, si kitabu chako hiki?"

"Mahindi mapya unakula kabla hujapeleka malimbuko?"

Kwa wasiojua, sisi Walutheri wa huku mazao ya kwanza yanakwenda kanisani. Mahindi, maharage, matunda ya plamsi, hata kuku. Yanaombewa, kisha yananadiwa nje baada ya ibada. Kabla ya hapo mtu mwenye adabu hagusi. Mzee amekuwa mzee wa kanisa miaka yote, kwake kitabu kilikuwa zao lake la mwisho. Nilimbembeleza nikachoka. Nikamwambia jicho halingoji Jumapili ya malimbuko. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba Mungu aliyelilinda mpaka leo hatashindwa wiki chache.

Sasa vitabu tuviweke wapi? Ilikuwa msimu wa ukungu. Kwetu ukungu unaingia mpaka kabatini, Biblia inaota madoa, viatu vinaota manyoya. Mama akasema kitu ambacho mwanamke yeyote wa kwetu angesema: "Viende darini."

Dari ya jikoni, juu ya moto wa kuni. Ndiko tunakoweka mahindi ya mbegu. Moshi na joto la chini vinafukuza unyevu na wadudu, na mbegu inakaa mpaka msimu mwingine ikiwa salama. Tukaona ni akili kubwa. Mimi mwenyewe nilikuwa kwenye ngazi napokea maboksi.

Mzee kila jioni anaota moto humo jikoni, na makande yake mapajani. Kitabu kiko juu ya kichwa chake. Na jicho bado lina nguvu kidogo. Hiki ndicho kinachoniuma mpaka sasa ninapoandika.

Wiki ya kuamkia malimbuko, mzee aliamka akaomba tufungue madirisha. Yalikuwa wazi.

Jumapili tukampeleka, pamoja na nakala moja tuliyoichomoa boksini. Ibada ikaisha, mnada ukaanza pale nje. Wakanadi mikungu ya ndizi, wakanadi jogoo, wakafika kwenye kitabu. Jamani, watu walishangilia! Mwanafunzi wake wa zamani, sasa mtu mzima mwenye duka Soni, akakipandia bei mpaka wengine wakaacha. Kisha akasema kwa sauti, "Nimekinunua, na ninamrudishia Mwalimu wangu."

Mzee akakipokea kwa mikono miwili. Akaninong'oneza, "Nipeleke kwenye jina la mama. Kidole tu, niliguse."

Nikafungua sura ya mwisho.

Kurasa zote zikatoka. Zote, wakuu. Ile gundi ilikuwa imekaangwa kule juu mpaka ikakauka kama ganda la kitunguu, na baridi ya asubuhi ile ikaimalizia. Upepo wa mlimani ukazibeba kuelekea migombani. Watu wakaanza kukimbia kuokota, hakuna aliyecheka.

"Ni nini kinaruka?" mzee akauliza.

Mama mmoja wa kwaya akamjibu, "Upepo tu, Mwalimu."

Mzee akapitisha vidole kwenye mgongo wa jalada. Hakukuwa na kitu ndani. Akalifunga vilevile tupu akasema, "Tumshukuru Mungu." Akaomba arudishwe nyumbani.

Tulipofungua maboksi mengine ni yaleyale. Nilimpigia mwenye mtambo nimtukane. Akaniuliza tu vilikaa wapi. Nilipomwambia, akasema, "Dada, gundi ile haitaki moto." Ningemtukana nini tena?

Nikarudi kwa yule mhariri, mkia katikati ya miguu. Akanionea huruma kweli. Lakini akasema kitabu kimeshatoka na namba yake ya usajili, kimeshanadiwa mpaka kanisani, kampuni yake haiwezi tena kukichukua kama kitabu kipya. Kaka yangu hajanisema hata neno moja. Ananitazama tu, na afadhali angenisema.

Nilichojifunza: ile asilimia anayochukua mchapishaji si ya udalali peke yake. Ni ya ghala. Ni ya mtu anayejua gundi haitaki moto. Ni ya hasara ikitokea iwe yake, isiwe mikaratusi yenu. Ukijichapishia, kila kitu kati ya mtambo na msomaji ni wewe, hata dari. Sisemi msijichapishie. Labda ya mwakani nayo ingemkuta mzee hivyohivyo hana jicho. Nasema jiulizeni mapema vitalala wapi.

Sasa karibuni mnipondeponde, nimezoea. Ila nina ombi.

Juzi jioni tuko jikoni, mzee kaniuliza, "Hivi rangi ilitoka kama nilivyosema?"

Nilikuwa nimeshika nakala mkononi. Moshi umeigeuza, imekuwa kama chai ya rangi iliyolala.

Nikamwambia, "Ni kijani, baba. Kijani cha mgomba mchanga."

Akatabasamu. Hajatabasamu tangu malimbuko.

Kwa hiyo, anayemjua fundi wa kuchapa nakala moja tu, aishone kwa uzi, jalada la kijani, aniandikie hapa. Najua mzee hatakiona. Nilimwambia ni kijani, nataka kiwe kijani.