Ubao Nilioupaka Mawese

Ninyi batoto mutakaosoma haya, mukae chini kwanza, na muntu asicheke kabla ya kufika mwisho. Shule yangu ni ndogo, ninaandika kama ninavyosema. Ninataka mujue jinsi nilivyochagua ubao wa kukatia vitunguu, na woga nilioupata.

Nilikulia Kongo, ng'ambo ya maji. Mama zetu hawakuwa na ubao. Kitunguu kilikatwa mkononi, juu ya sufuria. Kisu kinakuja mpaka kwenye kidole gumba kinasimama. Hapa Muganza, upande huu wa maji, niliendelea hivyo. Lakini mke wa mwanangu, aliyekulia Bukavu, hakuweza. Alikuwa na mimba ya miezi saba, vidole vimevimba, na wiki moja alijikata mara mbili. Mimba yake ya kwanza ilitoka. Hiyo hatukuitaja nyumbani, ila kila mmoja alitembea nayo.

"Maman, mukono yangu si meza," aliniambia akifunga kidole. "Tutafute ubao."

"Mukono ya mama yangu ilikuwa meza miaka yote."

"Basi uniazime ile mukono."

Nikaenda sokoni. Ubao wa plastiki niliukwaruza kwa ukucha, ukatoa unga. Unga huo tutaula, nikasema, nikaurudisha. Wa pili ulikuwa wa mbao laini, kisu kingeingia kama kwenye sabuni. Nilijiona mjuzi sana siku ile. Nikirudi, nilipita penye nyumba inayojengwa, mafundi wanabomoa mbao zilizoshikilia zege. Nikaona kipande kinene, kizito, cha libuyu, mti mgumu wa Kongo. Libuyu naitambua hata nikifumba macho.

"Chukua tu, Maman," fundi mmoja akasema. "Sisi tutaichoma."

Kilikuwa cheusi. Nilikiparua kwa panga, halafu kwa kigae cha chupa, mpaka nyama ya mti ikaonekana. Nikafanya kama mama yangu alivyofanya kinu kipya: nikakipaka mawese, nikakining'iniza juu ya moshi siku mbili, nikapaka tena. Kinu kilichokunywa mawese hakipasuki. Ubao ukawa unatoa mafuta juani, nami nikafurahi, nikasema umeshiba.

Tuliukatia siku nane. Mkamwana wangu alikuwa na hamu ya nyanya mbichi na chumvi. Alizikata na kuzila papo hapo, anachovya kila kipande kwenye maji yaliyobaki juu ya ubao.

Vitunguu vikaanza kunuka samaki tuliowakatia hapo hapo, nikaona tunahitaji ubao wa pili. Nikaubeba ule wa kwanza mpaka Kamembe, kwa seremala mmoja, mzee Mwislamu aliyetutengenezea milango.

"Maman, leo unatembeza ubao?"

"Uukatie ndugu yake, mzito hivi hivi."

Akaupeleka puani. Mzaha ukamtoka usoni. Akachukua randa, akapitisha mara nne, akanionyesha. Chini ya wekundu wa mawese kulikuwa na doa la kahawia, limeingia ndani kama chai kwenye kitambaa.

"Ulipaka nini?"

"Mawese."

"Mawese iko juu. Ndani ni kitu ingine. Hii ilishika beton, ile zege. Bajenzi banapakaa mafuta chafu yenye kutoka mu moteri ya gari, juu beton isikamate mbao. Mawese yako ilifunika harufu." Akaniangalia. "Nyumbani kuko mutoto?"

"Hajazaliwa bado."

Akaulaza ubao polepole. "Rudi nyumbani, Maman. Sasa hivi."

Nikaubeba tena ubao wangu; njia ya kurudi ni ndefu. Malori ya simenti yalinipita, na kila nilipovuta moshi wake nilisikia harufu ya ubao wangu. Niliunusa kwenye viganja, nikaunusa kwenye kitenge. Nikawaza: nautupa, nasema umepasuka, nani atajua? Niliwaza hivyo, siwafichi.

Nilimkuta mkamwana amelala ubavu, ameshika tumbo. "Linanikaza tangu asubuhi, Maman."

Tukaenda kituo cha afya, yeye akiegemea bega langu. Muuguzi akampima, akauliza amekula nini.

"Chakula cha nyumbani tu," akajibu.

Hapo niliona kwamba nikinyamaza watatafuta malaria. Nikasema yote: zege, mafuta, moshi, nyanya. Mkamwana wangu aligeukia ukuta.

"Ulijua lini?"

"Leo."

"Na kama muuguzi asingeuliza, ungesema?"



Muuguzi akaweka kipimo tumboni. Akakisogeza. Akakisogeza tena. Nimekimbia vita na mzigo kichwani, lakini woga kama ule sikuwahi kuupata. Halafu akasema, "Moyo unapiga." Akatuambia apumzike, anywe maji, arudi mbio akiona damu. Kuhusu yale mafuta, kama yalifika kwa mtoto au hayakufika, alisema hawezi kujua.

Mtoto alizaliwa, na analia kwa nguvu kama wengine. Mpaka leo nikimwogesha ninahesabu vidole vyake, na akikohoa naacha ninachofanya. Lakini siku ile hatukuwa na mtoto mkononi, tulikuwa na woga tu. Tulipofika nyumbani, mwanangu alikuwa ametoka zamu kwenye kiwanda cha simenti. Mkewe akamweleza. Hakunitazama, alichukua panga, akainua ubao aupasue kuni.

"Weka panga chini," nikamwambia. "Huu hauingii motoni, moshi wake utapita juu ya sufuria. Chimba shimo mbali na mboga zetu za lengalenga, uuzike. Na kuanzia leo, kitu cha jikoni kikiletwa na mimi, muniulize kimetoka wapi kabla ya kukipokea."