Malkia Kwangu, Nyuki Kwake

Jumamosi iliyopita, pale mtaani kwetu Kinindo, wanaume wawili wenye ndevu na diplome karibu wapigane ngumi kwa sababu ya mamba wa karatasi.

Mmoja ni mimi. Naitwa Bonfils. Cheka kwanza, halafu usome.

Tuko watu sita tunaocheza karta za wanyama nyumbani kwa Joëlla. Zinauzwa kwa pakiti, na hujui ndani kuna nini. Kila mtu anafungua yake, anachagua karta moja, zilizobaki anampa jirani. Zinazunguka hivyo mpaka ziishe. Halafu unapigana na ulichokusanya.

Siku hiyo mshindi angeenda mashindanoni Nairobi. Kwa ndege. Mi ndege naiona kwa chini tu.

Mwalimu wetu, kwa kujiteua mwenyewe, ni Zénon. Jamaa ana neno moja: synergie. Akinywa chai, synergie. Akipiga chafya, synergie.

"Sikia Bonfils," akanivuta pembeni kabla hatujaanza. "Karta moja moja ni watu wa kwenye foleni. Karta zenye kusaidiana ni familia. Malkia akiwa mezani, kila nyuki anapata nguvu mara mbili. Umeelewa?"

"Ego, ndiyo."

"Bon. Mi nakamata nyuki, we kamata mamba. Tusiuane, sha. Sisi ni ndugu."

Tukapeana mikono.

Tukakaa, yeye kushoto kwangu. Nafungua pakiti ya kwanza: Malkia wa Nyuki huyu hapa, anang'aa. Nikimwacha, anaenda moja kwa moja kwa Zénon.

Nilikumbuka undugu wetu kwa sekunde mbili hivi.

Nikamchukua Malkia.

Pakiti za pili zilizunguka upande wa pili, kutoka kwake kuja kwangu. Nangoja mamba wangu. Vinakuja vitoto vya mamba tu. Mama Mamba, anayewapa wenzake meno, hakuna. Nikamtazama Zénon. Yeye akatazama dari.

Ng'ambo ya meza, Adija anayeuza vitenge mtaa wa Asiatique, sisi tunamwita Mama Khaled, alikuwa anaokota vyura.

"Mama Khaled, vyura tena?" Zénon akacheka. "Chura hawezi kuua hata mende!"

"Acha tu. Wanapita, hakuna mutu anawataka."

Mechi ya kwanza, mimi na Zénon. Nikaweka Malkia wangu mezani. Akakodoa macho.

"We Bonfils! Ule ni wangu!"

Halafu yeye akaweka Mama Mamba.

"Na huyu je?" nikaruka juu. "Si tulisema mamba ni zangu?"

Hebu ona hiyo familia. Mi nina malkia bila nyuki. Yeye ana nyuki bila malkia. Mama kwake, watoto kwangu. Tulishikana kola mpaka Joëlla akaja kututenganisha kama mbuzi.

Mechi zilizofuata, Mama Khaled akatushinda wote. Chura mmoja anaita wa pili, wa pili anaita wawili. Ilikuwa mvua ya vyura.

Joëlla akampongeza, kisha akatoa jipya: "Nairobi wanacheza wawili wawili. Tiketi ziko mbili. Mama Khaled, chagua mwenzako."

Ghafla mimi na Zénon tukawa watu wa heshima. Zénon akamvutia kiti. Mi nikamsifu vyura wake mmoja mmoja.

"Namupeleka wifi yangu, Yasmina," akasema.

"Lakini Yasmina hajui hata kushika karta!" Zénon akalia.

"Nitamufundisha. Kucheza kunafundishwa." Akatutazama, mmoja, halafu mwingine. "Lakini kuwa mukweli, mutu mwenye ndevu tayari, nitamufundisha na nini?"

Zénon alirudi na njia yake, mi na yangu.

Basi we unayesoma, mtu akikuhubiria umoja kwa sauti kubwa, tazama kwanza mikono yake. Halafu, kama una ujasiri, tazama na ya kwako.