Uyoga Nilioukosea

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule moja ya sekondari pale Nengo, mkuu wa shule alinikabidhi boksi la chaki, ufunguo wa kabati la biolojia na onyo.

"Prof, wanafunzi ya hapa wanatoka kila fasi. We fuata kitabu, usifuate mutu."

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nami nimerudi nyumbani kutoka Tanzania nikijiona mjuzi. Nikakifuata kitabu. Kilikuwa cha zamani, kikigawa viumbe hai mafungu mawili tu, mimea na wanyama, na uyoga kilikuwa kimeutupa kwenye mimea.

Katika mtihani wa mwisho wa mwaka niliuliza uyoga uko kundi gani. Vestine, ambaye mama yake aliuza uyoga soko la Mahoko, aliandika kwamba si mmea wala si mnyama. Nikampa sifuri. Swali hilo ndilo lililomwangusha, na shuleni kwetu aliyeanguka alipoteza nafasi yake.

Alinijia na kipande cha gogo bovu lililoota uyoga.

"Prof, angalia. Haina rangi ya kijani hata kidogo. Iko nakula muti ya kuoza. Mumea gani inaishi bila jua?"

"Mimi nimesoma," nikamjibu, "wewe umeokota."

Ninyi walimu vijana, maneno hayo bado yananichoma.

Likizo hiyohiyo, mkaguzi alituita kwenye semina akatugawia kitabu kipya. Viumbe walikuwa na himaya tano, yaani makundi makuu kabisa: bakteria, protista ambao wengi huonekana kwa hadubini tu, kuvu, mimea na wanyama. Uyoga ulikuwa kuvu. Hauna umbijani, ile rangi inayouwezesha mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Hufyonza chakula kwenye vitu vinavyooza. Nilisoma mara mbili. Vestine alikuwa ameyasema yote akiwa na gogo mkononi.

Nikaenda kwa mkuu wa shule.

"Ah bon! Tuseme Prof alikosea? Matokeo ilishatoka. Tuache hivyo."

Nikaacha. Hakuna aliyenifunga mdomo. Niliona haya tu. Mahoko si mbali, na sikwenda. Shule ikafunguliwa, dawati lake akakalia mwingine, nami nikafundisha himaya tano mpaka nikastaafu.

Majuto ni mjukuu, na wangu sasa ameota ndevu. Mwaka jana ndipo nilipokwenda sokoni Mahoko. Vestine, mama mtu mzima, alikuwa amepanga dodo, yaani mchicha, na kabichi kwenye mkeka mmoja, na uyoga peke yake kwenye mwingine. Nilisimama mbele yake.

"Vestine, nilikosea. Wewe ndiye uliyekuwa sahihi."

Aliendelea kunifungia uyoga ambao sikuwa nimeuomba.

"Nilijuaka, Prof," akasema. "Ile likizo yote nilikungojaka."