Mbuzi ya Bibi Chini ya Taa

Masomo yangu yaliishia sekondari, lakini makumbusho ya Maskati nayajua kama kwetu. Kila nikipata mapumziko natoka nyumbani Al Amerat, naomba lifti kwa rafiki, naingia popote palipo na mlango wazi. Nilikuwa naota kwamba iko siku na mimi nitasimama pale na abaya nzuri, nawaeleza wageni hiki nini na kile nini. Basi ami aliposema ameipeleka mbuzi ya nazi ya bibi kwenye jumba jipya la maonyesho karibu na bandari, mimi nilifurahi. Bibi hakufurahi. Hakuulizwa.

"Nnaitaka mbuzi yangu," alisema. "Ramadhani hiyo inakuja. Nazi ntakunia meno?"

Mbuzi ile alitoka nayo Unguja akiwa mwari, na harusi za wanawe wote ameikalia yeye. Nikampeleka.

Tuliikuta juu ya meza nyeupe, imepigwa vanishi, ina taa yake peke yake. Chini yake kadi. Nikamsomea bibi: kifaa cha jikoni, mali ya marehemu fulani. Jina la babu, zima, mpaka la ukoo.

"Babu yako?" akauliza taratibu.

"Ndiyo, bibi."

"Babu yako! Alikuwa hajui hata nazi inavunjwaje!"

Nikaanza kucheka, kisha nikayaona machozi yake. Kicheko kikakatika, hasira ikanipanda mpaka masikio yakawaka. Bibi akavuka kamba, akaishusha mbuzi sakafuni, akaikalia.

Msimamizi, msichana wa rika langu, akaja mbio. "Bibi, tafadhali, hiyo haikaliwi!"

"Imekaliwa mama yako hajazaliwa."

Watalii wa meli wakatoa simu, wakampiga picha huku wanatabasamu, wakidhani na yeye ni wa maonyesho. Nikatanua abaya yangu mbele yake. Nilitamani kuzivunja zile simu, moja baada ya nyingine.

Msimamizi akasema mbuzi haitoki bila aliyeileta. Nikampigia ami, akaja kutoka kazini, kanzu nyeupe, kilemba sawasawa.

"Mama, hii ni heshima ya familia."

"Heshima ya nani? Haya, kaa wewe. Ukune nazi, watu wakupige picha."

Akakaa kweli, maana hajawahi kumkatalia mama yake mbele za watu. Akakaa kinyume, meno ya mbuzi yakamwelekea mgongoni. Simu zikainuka tena. Ami akasimama, akakung'uta kanzu. "Tunaichukua," akamwambia msimamizi, bila kututazama.

Garini bibi aliipakata. Akapitisha kidole kwenye meno. Akapitisha tena.

"Wameyasaga," akasema.

Laini kabisa, yasije yakamkwaruza mgeni. Wamekichukua kitu kinachofanya kazi, wakakifanya cha kutazamwa, na juu ya hayo wakaweka jina la mtu ambaye hakukigusa. Ami akawasha redio. Nikanyoosha mkono, nikaizima.

Tangu siku ile sijakanyaga makumbusho, na ile ndoto ya abaya nzuri sijui imekwenda wapi. Nimenunua tupa sokoni Mutrah. Jioni nakaa uani na mbuzi, nachonga jino moja moja, na bibi ananielekeza. Ami akipita, nazidisha kelele.