Vitambaa Vyekundu kwenye Matango

Mbegu za mama zilipofika mikononi mwangu zilijaa kiganja kimoja tu. Mama alikuwa amefariki kule milimani Uluguru, juu ya Mkuyuni, na pale alipokuwa akilima matango kaka zangu walikuwa wameshapanda migomba. Siwalaumu, migomba inawalisha. Ila matango yale mafupi, manene, yenye ganda jeupe kuliko kijani, matamu mpaka kwenye kikonyo, sijawahi kuyaona sokoni popote. Nisipoyapanda mimi, yamekwisha duniani.

Shamba langu liko Mlali, kipande kidogo kando ya mfereji, na majirani zangu wote hupanda matango ya mbegu za dukani. Tatizo lilianzia hapo, na naomba nilieleze polepole, maana ni jepesi ukilishika. Mmea mmoja wa tango hutoa maua ya aina mbili. Ua dume limekaa juu ya kikonyo kitupu. Ua jike lina kitango kidogo nyuma yake, chembamba kama kidole cha mtoto mchanga. Nyuki hubeba chavua kutoka kwa dume kwenda kwa jike, na nyuki hajui mpaka wa shamba. Akitoka kwa jirani akaingia kwangu, tango litakalokua litafanana kabisa na la mama. Utalila na hutagundua kitu. Mchanganyiko uko ndani ya mbegu, na utauona msimu unaofuata, wakati hakuna tena cha kuokoa.

Kinga yake ni uzi. Jioni unatafuta maua ambayo ncha zake zimeanza kuwa njano, yatakayofunguka kesho, unayafunga ncha ili nyuki asiingie. Asubuhi unafungua, unachuma dume, unamenya petali zake, unampaka jike chavua taratibu, kisha unamfunga tena. Kitango kikishika na kuanza kunenepa, unafunga kitambaa kwenye kikonyo chake kama alama, ili asije mtu akakichuma, kwa sababu tango la mbegu linabaki shambani mpaka liwe la manjano na zito. Usikate tamaa ukiharibu maua ya mwanzo. Mimi niliharibu mengi, vidole vyangu ni vinene, na mwishoni nilipata matango matatu.

Vitambaa alinipa fundi cherehani wa jirani na nyumbani, vipande alivyobakiza. Wiki hiyo alikuwa anashona nguo nyekundu. Nikafurahi, maana nyekundu inaonekana vizuri katikati ya majani. Mtu aliyezaliwa Uluguru angepaswa kufikiri zaidi ya hapo.

Nilifika siku ya zamu ya maji nikakuta wenzangu wamesimama kwenye tuta, wote wakitazama kwangu. Nikamwamkia mwenyekiti wa mfereji, mzee wa makamo ya baba yangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Watu wanalalamika."

"Wanalalamikia nini?"

"Vitambaa."

Kijana mmoja aliyeegemea jembe akadakia. "Mama, tunasikia ukigusa lile tango mkono unavimba mpaka uje kuomba radhi."

"Mkono tu?" akasema mwingine. "Mimi nimesikia na tumbo."

Wakacheka, lakini hakuna aliyevuka tuta kuja upande wangu. Walikuwa wanaamini vile vitambaa vyekundu ni zindiko, dawa ya kumnasa mwizi. Nikawaeleza habari za nyuki, ua dume na ua jike, kama nilivyokueleza wewe. Walisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza, mwenyekiti akaashiria lile tango kubwa lililoanza kuwa la manjano.

"Sawa. Kama si dawa, likate sasa hivi ulile mbele yetu. Mambo yaishe."

Mama mmoja akaniambia kwa upole, "Kata tu, dada. Tango moja hilo."

Lilikuwa jambo rahisi, na nilikuwa na kisu. Lakini mbegu zake zilikuwa bado laini kama maji, hazijakomaa, na kulikata ni kulipoteza bure. Isitoshe nilijua leo wangetaka hilo, kesho wangetaka la pili.

"Silikati," nikasema. "Likikomaa nitalikata hapahapa, na nyote nitawaita. Leo hapana."

"Ukikataa, basi sisi tuna jibu letu."

"Baba, jibu lenu mlikuwa nalo kabla sijafika."

Kijana wa jembe akapiga mluzi. Mwenyekiti hakupaza sauti. Alisema zamu yangu ya maji itasogezwa mbele mpaka tuelewane, akaondoka.

Nikaanza kuchota mtoni kwa ndoo. Nilimwagilia mimea yenye vitambaa tu, mingine niliiacha ijitafutie. Jirani yangu wa kipande cha kulia, mwanamke wa rika langu ambaye hajui kunyamaza, alinikuta nimeinama chini ya ndoo.

"Mwenzangu, wewe una bahati halafu unaichezea," akaniambia. "Sisi wote tunaibiwa matango hapa. Kwako hata jani halijaguswa. Nyamaza. Waache waogope, uvune kwa raha."

"Na kwenye msiba wakiogopa kula chakula nilichopika?"

"Utakula mwenyewe ushibe."

Nilicheka, lakini niliporudi nyumbani sikuwa nacheka. Ni kweli woga ungenilindia mbegu za mama kuliko maelezo yangu yote. Ila mama alizigawa mbegu hizi maisha yake yote kwa kila aliyeomba. Mimi nizifanye kitu cha kutishia watu? Kesho yake nikaanza kupita kwa kila mwenye shamba, mmoja mmoja. Nilibeba ua dume na ua jike mkononi, nikaonyesha na kurudia. Wengine walinielewa. Najua walinielewa, kwa sababu haikupita wiki tango moja kati ya matatu likaibiwa, pamoja na kitambaa chake.

Jirani yangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi niliumia, na wakati huohuo nikaona kwamba kuna mtu mmoja Mlali aliyeacha kuniogopa. Nikafunga vitambaa vipya kwenye mawili yaliyobaki, vyekundu vilevile. Nilishauriwa nitumie vya kijani visionekane. Kitu ninachokifanya mchana kweupe kwa nini kijifiche?

Yalipokomaa niliyakata palepale kwenye tuta, siku ya maji, watu wakiwapo. Nikakwangua mbegu na ute wake ndani ya jagi, nikaongeza maji kidogo. Nikawaambia zitakaa kivulini siku chache mpaka zitoe povu na harufu ya kuchacha, kwa maana ule ute ndio unaozuia mbegu kuota. Nyama ya tango niliitafuna, chungu kidogo na chachu, hakuna aliyeniomba. Jagi lilipochacha nililirudisha shambani. Nikaongeza maji tele, mbegu nzima zikazama, mapepe yakaelea, nikayamwaga mferejini mbele ya macho ya wote. Zilizozama nilizianika kwenye sahani nyumbani, ndani, mbali na jua kali, mpaka zikawa zinavunjika badala ya kupinda.

Zamu iliyofuata nilikuta mwenyekiti ameshanifungulia maji.

Kisha mke wake alinijia nyumbani kwa mlango wa nyuma, kajifunika khanga mpaka machoni. Alikuwa amekula matango ya mama zamani, kule Mkuyuni, akiwa msichana. Aliomba mbegu chache, lakini nimpe hapohapo, mumewe asijue, na watu wasione.

"Mbegu nakupa, dada yangu, na kuzifunga nitakufundisha," nikamwambia. "Ila njoo shambani siku ya maji, uzipokee watu wakiona."

"Watasema."

"Ndiyo, watasema. Ukizichukua kwa kujificha, watasema zaidi, na watakuwa na haki."

Aliondoka mikono mitupu, na kuna walioniambia nimekuwa mkali. Huenda. Fungu lake nimelitenga kwenye chupa kavu yenye kifuniko cha kubana, kabatini, na siku za maji huwa naenda nayo shambani. Hajaja bado. Mbegu ya tango iliyokauka vizuri inakaa miaka, na mimi sina haraka.