Kipande cha Shaba Ndani ya Kabureta

Kabureta ya pikipiki ya baba ilipasuka ubavuni muda mfupi baada ya daraja jipya la Busisi, lile la kuvuka ziwa, kuanza kupitika. Baba, mstaafu aliyevuka sabini, alikuwa ameapa kulivuka kwa pikipiki yake mwenyewe, ya Kijapani, iliyonizidi umri. Sasa petroli ilikuwa ikichuruzika hadi kwenye buti lake. Fundi mmoja wa mtaa wa Mirongo alishauri tufunge kabureta ya bodaboda yoyote. Baba alikataa, nami, kwa kuwa nafundisha fizikia na silipendi neno “yoyote”, nikaibeba kazi ya kutafuta.

Sikujua kwamba kabureta ina utambulisho wake. Nilipoisugua kwa mswaki na mafuta ya taa, herufi mbili na tarakimu kadhaa zilijitokeza ubavuni, ndogo kama maandishi ya ndani ya pete. Nikaazima kipimo cha maabara, nikapima mdomo wake, kisha umbali kati ya matundu ya bolti. Wiki nzima niliwazungukia wauza spea nikiwa nayo kwenye kikapu. Nyingi zilifanana nayo kwa sura, kumbe zinapishana milimita mbili. Moja ilikubali kila kipimo, ila kitundu chake cha ndani cha kupitisha petroli kilikuwa kikubwa zaidi. Muuzaji akaniambia, mwalimu, huchagui mchumba hapa, chukua tu. Nilicheka, na sikuichukua.

Iliyolingana niliipata Kisesa, kwenye boksi la vyuma la fundi mzee ambaye hakukumbuka ilitoka pikipiki gani. Namba zilikuwa zile zile. Nilimshika mkono mara mbili kwa furaha.

Nyumbani nilizifungua zote mbili juu ya meza ya chakula, nikapanga kila kipande na mwenzake. Kimoja tu kilikosa mwenzake. Ndani ya springi ya kabureta ya zamani kulikuwa na kibomba cha shaba, kirefu kama kucha ya kidole gumba, kimekatwa kwa msumeno wa mkono. Hakikuwa cha kiwandani. Nikaibana springi kwa kidole, nikaona kinachofanyika: kibomba kilizuia njia ya hewa isifunguke zaidi ya nusu. Maisha yangu yote nimemsikia baba akilalamika kwamba pikipiki haina nguvu mlimani.

Mama alipita na sahani, akakiona, akaketi. Alinieleza kwa sauti ya chini kwamba kabla sijazaliwa baba alishindana na basi barabarani, akavunjika mguu. Akiwa bado na plasta, mama alimwendea fundi na kumwagiza aipunguze mwendo ile pikipiki. Hakuwahi kumwambia baba.

“Kirudishe kwenye hiyo nyingine,” alisema. “Daraja lile ni refu, na babako hajabadilika.”

Kumdanganya baba kuliniuma, lakini kumpoteza kuliniogopesha zaidi. Nikakirudisha.

Asubuhi ya safari, mama akiwa jikoni anachemsha chai, baba aliwasha pikipiki, akasikiliza, kisha akaniinamia.

“Kile kishaba umekihamisha?”

Nikaitikia kwa kichwa. Akaniambia alikiona zamani, mara ya kwanza alipoisafisha kabureta baada ya kutolewa plasta, na hakuhitaji kuuliza ni kazi ya nani. Nikamuuliza, sasa malalamiko ya miaka yote hii yalikuwa ya nini?

“Nikiacha kulalamika,” alisema akifunga helmeti, “mamako atadhani nimekitoa.”